Nyumba ya Tokyo: vile Bunge lilifika hela ikiwa imeshatoka

Tarehe 27 Oktoba 2010 Moses Wetang'ula, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje kwenye ile serikali ya muungano, ya nusu mkate, aliwaita waandishi wa habari hapa Nairobi akawaambia anakaa kando uchunguzi ufanyike, na katibu mkuu wa wizara, Thuita Mwangi, akaachia ofisi siku hiyo hiyo. Wabunge walikuwa wanajadili ripoti ya kamati yao kuhusu nyumba na ardhi za balozi zetu, na moto ulikuwa umewaka kiasi kwamba kubaki ofisini ilikuwa vigumu. Profesa George Saitoti akashikilia wizara kama kaimu. Kwa watu wengi hapa mjini kisa kiliishia hapo, wabunge walimwandama waziri, waziri akatoka, Bunge likashinda, watu wakaendelea na shughuli zao.

Mimi naona hakikuishia hapo na tena sioni kama Bunge lilishinda. Lilipata kichwa cha mtu kwa muda, pesa halikupata, na ule mlango uliotumika kutoa pesa uliachwa wazi vile vile. Na mlango huo si wa nyumba na ardhi pekee. Ndio huo huo wanaopotelea dada zetu walioenda kazi za nyumbani Riyadh, Saudia, na Beirut, Lebanoni, kwa hivyo nataka nikichambue hiki kisa polepole, maanake kila mwaka wizara hii ikipelekwa mbele ya wabunge maswali yanakuwa yale yale na yanakuja wakati ule ule, kuchelewa.

Tuanze na yenyewe. Kamati ya Bunge ya ulinzi na mahusiano ya nje, chini ya Adan Keynan, mbunge wa Wajir Magharibi, ilichimba mikataba ya mali ya balozi zetu katika nchi tano: Japani, Misri, Nigeria, Ubelgiji na Pakistani. Tokyo ndiyo iliyochoma watu zaidi. Mwaka 2009 Kenya ilinunua nyumba na ardhi huko kwa pesa ambayo kwa shilingi zetu ilikuwa karibu bilioni 1.5, mtaa wa Yakumo, wilaya ya Meguro, mtaa wa makazi ya watu, na ubalozi uko huko hadi leo. Ukiangalia ramani ya Tokyo utaona balozi nyingi za nchi za nje zimejazana Minato, karibu na ofisi za serikali na kampuni kubwa. Kamati ilisema serikali ya Japani ilikuwa imetoa ofa ya ardhi, pahali karibu zaidi na katikati ya jiji, watu wetu wakaiacha wakaenda kununua kwa mtu binafsi, na kwa hesabu ya wabunge hasara ilikuwa shilingi bilioni 1.1.

Lazima niseme na upande wa pili, si kwa kujikinga ila kwa sababu ndivyo ilivyo. Wetang'ula alikana na hajawahi kushtakiwa kwa jambo hili. Agosti 2011 alirudi wizarani, Machi 2012 akahamishiwa biashara, 2013 akachaguliwa seneta wa Bungoma, na tangu Septemba 2022 yeye ndiye Spika wa Bunge la Taifa. Katibu mkuu pamoja na maofisa wengine wawili walifikishwa kortini 2013, wakakana mashtaka. Ukiniuliza nani alifungwa kwa ajili ya nyumba ya Tokyo nitakujibu hakuna. Ukiniuliza zile bilioni 1.1 ambazo kamati ilisema zimepotea zilirudi lini hazina kuu, hakuna siku hiyo.

Sasa watu wakifika hapo wanasema basi ni ile ile, Kenya yetu, wakubwa hawafungwi. Hapo mimi nakataa, na nina sababu. Hebu angalia kilichotokea hapa hapa Nairobi miaka hiyo hiyo, yaani wiki ile ile ambayo waziri alikaa kando, meya wa Nairobi alikamatwa kuhusu ardhi ya makaburi. Baraza la jiji lilikuwa linatafuta pahali pa kuzika kwa sababu makaburi ya Lang'ata yamejaa, likanunua ekari 120 huko Mavoko kwa shilingi milioni 283, ardhi ambayo thamani yake ilikadiriwa milioni 24, na tena ni mawe, huwezi kuchimba kaburi. Kisa ni kile kile ukiangalia mifupa yake: ofisi ya umma inatafuta ardhi, inalipa juu, inapata kitu ambacho hakifai kazi iliyokusudiwa. Lakini hicho kiliendelea kusukumwa kortini mpaka 2018 aliyekuwa katibu wa wizara ya serikali za mitaa na aliyekuwa karani wa jiji wakahukumiwa kifungo. Kilichukua miaka, ndiyo, lakini kilifika.

Tofauti ni nini? Mavoko unapanda matatu pale tao unafika. Mwandishi wa habari alienda akapiga picha ya mawe, mthamini wa serikali alienda na karatasi zake akarudi jioni, jirani wa hiyo shamba anajua ekari inauzwa ngapi, muuzaji anaweza kuitwa kortini Milimani na akikataa polisi wanajua kwake. Ushahidi wote uko ndani ya mwendo wa saa moja au mbili. Tokyo je? Muuzaji yuko Japani, hati ni za Kijapani, bei ya soko inajulikana na madalali wa huko, pesa imepita kwa benki za huko, na ofa ya serikali ya Japani imeandikwa kwa barua ya kidiplomasia ambayo nakala yake iko kwenye faili la wizara hiyo hiyo inayochunguzwa. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na Bunge lilikuwa limeshika fimbo ya mbali kweli kweli.

Hebu fikiria unanunua ploti Kamulu. Ukiwa na akili zako utaenda mwenyewe kuiona, utafanya sachi ya hati kule Ardhi, utatafuta mpimaji wako si wa muuzaji, utauliza jirani, ndio utoe deposit. Sasa fikiria umemtuma mtu mmoja, yeye ndiye anachagua ploti, yeye ndiye anachagua mthamini, yeye ndiye anaongea na muuzaji kwa lugha ambayo wewe huijui, alafu yeye ndiye anakuletea ripoti kwamba bei ni nzuri, na wewe unakuja kuuliza maswali mwaka wa pili. Hivyo ndivyo wizara yetu ya mambo ya nje inavyonunua, inavyokodi na inavyokarabati majengo nje. Sisemi kila mtu aliyeko huko ni mwizi, wako maofisa wanaofanya kazi kwa uaminifu mkubwa hata paa za ofisi zao zikivuja. Nasema mpangilio wenyewe haumtegemei mtu yeyote zaidi ya huyo aliyetumwa.

Na hapa ndipo sheria inaingia, nitaieleza kwa ufupi ingawa ni mahali watu huchoka kusoma. Anayewajibika kwa pesa za wizara mbele ya Bunge ni katibu wa wizara, siku hizi tunamwita PS, yeye ndiye ofisa mhasibu. Yuko pale jengo la Old Treasury, Harambee Avenue, ukitoka hapo kwa mguu unafika Bunge kabla hujamaliza soda. Balozi aliyeko Tokyo au Brussels au Abuja anatumia pesa lakini mbele ya kamati anayejibu ni PS, na PS naye anajibu kwa kutumia makaratasi aliyoletewa na huyo balozi. Pesa inapangwa kwa shilingi, inatumika kwa yeni, yuro, dola, naira, kwa hivyo hata bila wizi wowote shilingi ikiteleza ubalozi unajikuta hauna kodi ya nyumba. Alafu kuna saa. Mwaka wa fedha unaisha 30 Juni. Katiba kifungu cha 229 inampa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu miezi sita kumaliza ukaguzi, na Bunge inalipatia miezi mitatu kujadili ripoti. Chukua kalamu: pesa iliyotoka Julai 2024 mwaka wake unaisha Juni 2025, ukaguzi unatoka Desemba 2025, Bunge likiwa na bidii linajadili Machi 2026. Hiyo ni miezi ishirini, na hapo nimechukulia hakuna mtu amechelewa hata siku moja. Balozi ameshahamishwa, mhasibu wa ubalozi amerudi nyumbani, PS ni mwingine, waziri ni mwingine, na anayeulizwa anaanza jibu lake kwa kusema, "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi wakati huo sikuwa kwenye ofisi hii," na ni kweli hakuwa.

Kwa Tokyo hata haikuchukua muda huo, kamati ilikuwa kali na iliharakisha, nyumba 2009 ripoti 2010. Kwa viwango vyetu hiyo ni mbio. Na bado ilifika pesa ikiwa imeshatoka. Hilo ndilo naomba msomaji alishike, kwamba hata kamati yenye bidii ikija baada ya malipo kilichobaki kwake ni kutafuta wa kulaumiwa, na kutafuta wa kulaumiwa ni kazi ya siasa kuliko kazi ya pesa, kwa sababu siku hiyo kila mbunge anaangalia waziri ni wa upande gani na wa kwao wapi. Ndio maana mjadala wa 2010 ulivyopamba moto watu waliuliza sana kama Wetang'ula ataenda au hataenda, wakauliza kidogo sana kama ununuzi unaofuata utapita njia ile ile.

Kuna mzee mmoja tulibishana naye pale Jeevanjee, kwenye yale mabenchi ya Bunge la Mwananchi, akaniambia, "Kijana wangu, nyumba si bado ipo? Si ni ya Kenya? Wewe unataka tukodishe mpaka lini?" Nikamwambia mzee hilo swali ni zuri na nalichukua kwa uzito. Ni kweli kununua kunaweza kuwa na faida kuliko kukodi, kodi ya Tokyo inauma, na nchi ikimiliki jengo lake haitafukuzwa wala kupandishiwa kodi. Nikamwambia, "Lakini mzee wangu, kununua si kosa, kosa ni kununua bila mtu wa pili kuangalia bei." Akanyamaza kidogo alafu akasema, "Na huyo wa pili atatoka wapi, kwani si atatumwa na yule wa kwanza?" Hapo mzee aligonga msumari kuliko wachambuzi wengi niliowasikia kwenye redio, kwa sababu hata ukisema apelekwe mthamini wa serikali, tiketi yake, hoteli yake na posho yake ya usafiri inatoka wapi, na nani anampokea uwanja wa ndege.

Nilifikiria swali la mzee kwa muda mrefu na nikagundua katiba ilikuwa imeshalijibu. Katiba ilizinduliwa Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010, miezi miwili kamili kabla waziri akae kando. Kifungu cha 125 kinazipa kamati za Bunge nguvu sawa na za Mahakama Kuu katika kuita mashahidi na kulazimisha makaratasi yaletwe, na kipengele kinachofuata kinasema wazi kwamba zinaweza kutoa ombi la kuhoji mashahidi walioko nje ya nchi. Nje ya nchi! Waandishi wa katiba walijua kabisa kwamba siku moja kamati itahitaji kumwuliza mtu aliyeko Tokyo, Cairo au Islamabad. Kwa hivyo wa pili si lazima atumwe na wa kwanza. Wa pili anaweza kuwa dalali wa ardhi wa Tokyo anayeulizwa moja kwa moja na kamati bei ya mtaa ilikuwa ngapi mwaka ule, siku hizi hata kwa video, bila mbunge yeyote kupanda ndege wala kuchukua posho. Nguvu iko, imeandikwa, na ingetumika kabla ya malipo ingekuwa na thamani mara kumi ya kuitumia baada.

Sasa nije kwa watu, kwa sababu nyumba ni nyumba lakini kazi ya ubalozi ni watu.

Agosti 2020, baada ya ule mlipuko wa bandari ya Beirut wa tarehe 4, wanawake wa Kenya walilala nje ya ofisi ya konseli wetu Lebanoni wakiomba kurudishwa nyumbani. Januari 2022 wengine walikuwa hapo tena. Kenya haina ubalozi Lebanoni, kazi hiyo inasimamiwa kutoka ubalozi wa Kuwait, na Beirut kuna konseli wa heshima, yaani mtu asiyelipwa mshahara na serikali yetu, raia wa huko. Wanawake wale walilalamika kwamba walitozwa hela na kutukanwa na hata kupigwa na watu waliopaswa kuwasaidia, wahusika wakakana. Sasa jiulize pesa ya konseli asiyelipwa inatoka wapi. Inatoka kwa ada. Na ada inatoka kwa nani? Kwa yule yule msichana aliyekimbia kwa mwajiri bila pasipoti, anayetaka karatasi ya kusafiria. Hilo ni swali la matumizi ya wizara kama vile nyumba ya Tokyo ni swali la matumizi ya wizara, tofauti ni kwamba hili halina bilioni ndani yake ya kupigiwa kelele, ni la pesa ambayo haikutumika. Tokyo tulilipa kupita kiasi, Beirut hatukulipa kabisa, na mlango ni ule ule: hakuna wa pili anayeangalia.

Riyadh mambo ni mazito zaidi. Wizara yenyewe ilitoa takwimu kwa wabunge 2021: Wakenya waliokufa Saudia walikuwa 3 mwaka 2019, 48 mwaka 2020, na 41 mwaka 2021 wakati ripoti inaandikwa. Hiyo miaka miwili ya mwisho pekee, watu 89. Karatasi nyingi zilizotoka huko zilisema moyo umesimama, na PS wa wakati huo, Macharia Kamau, alisema hadharani kwamba haiingii akilini vijana wote hao wafe kwa moyo. Alikuwa pia ameandikia wizara ya leba akipendekeza kupeleka wafanyakazi wa nyumbani Saudia kusimamishwe kwanza mpaka wapate ulinzi. Wizara ya leba haikukubali. Septemba 2022 Tume ya Haki ya Utawala, ofisi ya ombudsman, ikatoa ripoti yake kuhusu mateso ya wafanyakazi hao. Machi 2025 gazeti la New York Times likaripoti kwamba Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, wamekufa Saudia katika miaka mitano. Hakuna waziri aliyekaa kando kwa ajili ya namba hizo. Hakuna hata mmoja. Kwa nyumba moja Meguro waziri na katibu walitoka ofisini ndani ya siku moja, kwa watoto wa watu 89 wizara moja iliandikia wizara nyingine barua.

Siandiki hivi kwa uchungu tu, ingawa uchungu upo, nimekaa na mama mmoja wa Kayole ambaye binti yake alirudi ndani ya sanduku na karatasi yenye mstari mmoja wa Kiarabu, na huyo mama aliniuliza, "Mwanangu, hii karatasi nani aliisoma kabla ya kuniletea?" Hilo ndilo swali la kamati. Nani aliisoma. Ubalozi uliomba uchunguzi wa maiti au ulipiga muhuri tu? Kuna ofisa wangapi kwa Wakenya wangapi? Ukiuliza wizara kwa jumla utaambiwa kuna changamoto za rasilimali, na ni kweli zipo. Lakini Saudia ni nchi yenye mfumo wa kafala, mwajiri ndiye anashikilia uhalali wa mfanyakazi kukaa na kuhama kazi, msichana akikimbia anakuwa mhalifu usiku huo huo, kwa hivyo kazi ya ubalozi kule haiwezi kupimwa kwa idadi ya hafla za Jamhuri Dei. Inapimwa kwa simu ngapi zilipokelewa, wangapi walitolewa kwa nyumba walizofungiwa, walilala wapi kabla ya kusafiri, tiketi alilipa nani.

Tangu 2022 tumeundiwa idara kamili ya masuala ya Wakenya walioko nje, ina PS wake, na serikali yoyote ikisimama inataja pesa wanazotuma, 2024 zilikuwa karibu dola bilioni 5 kwa hesabu za Benki Kuu. Nakubali idara ni hatua. Lakini idara mpya ni bajeti mpya, ina magari, ina warsha, ina safari, na kama Bunge litaikagua kwa mtindo ule ule wa kuja baada ya miezi ishirini basi tutajua ilivyotumika wakati wasichana waliopaswa kuokolewa wameshazikwa au wameshajirudisha wenyewe kwa michango ya WhatsApp. Najua watu wanaochanga. Kila wiki kuna kikundi hapa Nairobi kinachanga kusafirisha mwili, mia mbili mia tano, na hiyo ni kodi ya pili tunalipa kwa kazi ambayo kodi ya kwanza ilishalipia.

Kwa hivyo kisa cha Tokyo kinatufunza tuangalie kalenda. Makadirio ya bajeti yanafika Bungeni kabla ya mwisho wa Aprili, kifungu cha 221 kinailazimu kamati iulize maoni ya wananchi inapoyapitia, na Mei yote kamati inakaa na wizara. Hapo ndipo swali la nyumba linaulizwa pesa ikiwa bado haijatoka. Mnataka kununua wapi mwaka huu, kuna ofa gani mezani ya nchi mwenyeji, mthamini ni nani na amechaguliwa na nani, tuonyesheni barua. Nyumba ya Tokyo ingeulizwa hivyo kabla ya kulipiwa, ile ofa ya Wajapani ingesomwa kwa sauti mbele ya wabunge na watu wote wangeisikia, kwa sababu vikao vya kamati viko wazi kwa umma, kifungu cha 118, unaingia na kitambulisho chako unakaa nyuma.

Na kuna kifungu cha 226, sehemu ya tano, ambacho kwa Tokyo kisingetumika kwa sababu nyumba ilinunuliwa kabla ya katiba, lakini kwa kila kinachonunuliwa leo kipo. Kinasema mwenye ofisi ya umma, hata ya kisiasa, akielekeza au akiidhinisha pesa itumike kinyume cha sheria, hasara ni yake na atailipa, hata kama ameshaondoka ofisini. Ningependa kamati yoyote inayoandika ripoti kuhusu wizara hii iache kumalizia kwa kupendekeza uchunguzi zaidi, iandike kiasi na iandike jina la ofisi iliyoidhinisha chini ya kifungu hicho, alafu iipeleke kwa Mwanasheria Mkuu pesa idaiwe. Kukaa kando ni kitu cha heshima lakini hazina kuu haipati senti kwa mtu kukaa kando.

Kamati inayoshughulika na wizara hii kwa sasa ni ile ya ulinzi, ujasusi na mahusiano ya nje. Maoni yanaandikwa kwa karani wa Bunge la Taifa, unaweza kuyapeleka kwa mkono pale Parliament Road au kuyatuma kwa barua pepe, Kiswahili kinakubalika kwa sababu ni lugha rasmi ya Bunge. Huyo mama wa Kayole ameniomba nimsaidie kuandika yake na tumeshaianza. Hatujaomba mtu afukuzwe. Tumeomba kamati itumie kifungu cha 125 ihoji Wakenya walioko Riyadh na Beirut moja kwa moja kabla ya kupitisha bajeti ya mwaka ujao, tumeomba kila ubalozi wa nchi zenye wafanyakazi wengi uwe na mstari wake wa bajeti wa nyumba ya kujihifadhi na tiketi za kurudi, na tumeomba wizara iseme kwa maandishi ni ofisa gani anasoma cheti cha kifo kabla mwili haujasafirishwa.